Siku nne kwa mwaka: je, zatosha kuifanya kampuni ya nje ilipe kodi hapa?

Swali: Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya Mombasa inayoandaa matukio ya michezo. Tumefikia hatua ya mwisho ya kutia saini mkataba wa miaka 5 na kampuni ya Uingereza inayomiliki haki za kibiashara za mashindano ya voliboli ya ufukweni. Kila mwaka watakuja kuendesha mashindano kwa siku 4 katika kiwanja tulichokodi upande wa Bamburi, nasi tutawalipa ada ya kuwa wenyeji. Meneja wao anashikilia kwamba hawana ofisi wala mfanyakazi wa kudumu nchini, kwa hiyo mkataba wa kodi kati ya Kenya na Uingereza unawalinda, na sisi tuwalipe ada nzima bila kukata hata senti. Rafiki yangu aliyesomea India ananiambia nijihadhari, kwa kuwa huko kuna kesi ya mashindano ya magari iliyoamuliwa kinyume. Siku 4 zinawezaje kuitwa za kudumu?

Jibu: Dada, rafiki yako ana sababu ya kukutahadharisha. Siku nne zinaweza kutosha, ingawa si zenyewe zitakazoamua. Neno “kudumu” katika istilahi ya kituo cha kudumu cha biashara limewapoteza watu wengi, wakiwemo mawakili waliobobea katika mambo mengine, kwa sababu humfanya msomaji achukue kalenda na kuanza kuhesabu, ilhali swali la kwanza ambalo mikataba hii huuliza ni mahali pale pana nani mwenye kauli, na biashara inayofanyika pale ni ya nani. Meneja wa kampuni hiyo amekujibu kuhusu ofisi na wafanyakazi. Hakukujibu kuhusu kiwanja.

Kabla ya kufika kiwanjani, tuweke utaratibu wa kusoma, maana makosa mengi huanzia hapo. Mkataba wa kuzuia utozaji kodi mara mbili hautozi kodi yoyote. Kodi hutozwa na sheria ya nchi, na mkataba huja baadaye kama ua unaoizuia sheria hiyo isivuke mpaka fulani. Kwa hiyo unaanza na Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya na kuuliza kama inamfikia huyu Mwingereza, na ikiwa inamfikia ndipo unaufungua mkataba uone kama unamkinga. Mkataba wetu na Uingereza ni wa mwaka 1973, nao una kanuni ile ile iliyomo katika karibu mikataba yote ya aina hii duniani: faida ya biashara ya kampuni ya Uingereza itatozwa kodi Uingereza peke yake, isipokuwa kama kampuni hiyo inafanya biashara Kenya kupitia kituo cha kudumu kilichopo Kenya. Kikiwepo kituo, Kenya inapata haki ya kutoza faida inayohusiana na kituo hicho, na Uingereza ndiyo inayopaswa kutafuta namna ya kumwondolea mkaazi wake mzigo wa kulipa mara mbili.

Sheria ya ndani ya Kenya ilipanuliwa mwaka 2021 na leo ina tafsiri ndefu ya kituo cha kudumu. Ndani yake mna mahali maalumu pa kufanyia biashara, mna mradi wa ujenzi au ufungaji mitambo unaozidi siku 183, mna utoaji wa huduma unaozidi jumla ya siku 91 katika kipindi chochote cha miezi 12, na mna wakala anayefanya kazi kwa niaba ya mgeni. Unaona kwamba kuna milango kadhaa, na kila mmoja una ufunguo wake. Meneja wao amezungumza kana kwamba hakuna mlango mwingine ila wa huduma, na kwa mlango huo, kwa siku 4 peke yake, hoja yake ni sahihi. Swali lako linahusu mlango wa kwanza.

Mlango huo wa kwanza ni wa zamani sana. Wazo lake lilitoka katika sheria za kodi za Prussia za karne ya 19, likaingia katika mkataba wa mwaka 1899 kati ya Prussia na Austria-Hungary, likachukuliwa na Shirikisho la Mataifa katika miaka ya 1920, na hatimaye likatulia katika mikataba kielelezo miwili inayotumiwa leo, mmoja wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, yaani OECD, na mwingine wa Umoja wa Mataifa. Maneno yake ni machache: mahali maalumu pa biashara ambapo kupitia hapo biashara ya kampuni inaendeshwa, yote au sehemu yake. Humo mna mambo matatu. Lazima pawe na mahali, mahali hapo pasiwe pa kupita tu, na biashara ya kampuni yenyewe iwe inafanyika kupitia hapo. Hakuna neno linalotaka mahali hapo pawe mali ya kampuni au pamekodiwa kwa jina lake, wala pawe na kibao mlangoni. Wala siku hazikutajwa.

Sasa kesi ya India. Kampuni ya Formula One World Championship, mkaazi wa Uingereza, ilikuwa na haki za kibiashara za mashindano ya magari ya Formula One. Mwaka 2011 iliingia mkataba na kampuni ya Jaypee Sports, iliyokuwa imejenga uwanja wa Buddh huko Greater Noida, karibu na Delhi, wenye njia ya mbio inayozidi kilomita 5. Jaypee ililipa dola milioni 40 za Marekani kwa haki ya kuwa mwenyeji na kuyatangaza mashindano hayo, nayo yakafanyika mwaka 2011, 2012 na 2013, kila mara kwa siku 3 za mwisho wa wiki. Waingereza walisema maneno yale yale unayoyasikia wewe: uwanja ni wa Jaypee, mwandaaji ni Jaypee, sisi tumeuza haki tukiwa London, na siku 3 haziwezi kuwa za kudumu.

Walikwenda kwanza kwa mamlaka inayotoa maamuzi ya awali ya kodi, ambayo ilikubali kwamba hapakuwa na kituo cha kudumu, lakini ikasema malipo yale ni mrabaha, yaani malipo ya kutumia haki au jina la mwingine, kwa hiyo yanatozwa kwa njia nyingine. Mahakama Kuu ya Delhi ikaugeuza uamuzi huo pande zote mbili mwaka 2016: si mrabaha, na kituo cha kudumu kipo. Tarehe 24 Aprili 2017 Mahakama ya Juu ya India ikakubaliana na Mahakama Kuu kwamba uwanja wa Buddh ulikuwa kituo cha kudumu cha kampuni ya Uingereza.

Namna mahakama ilivyofika hapo ndiyo inayokuhusu. Majaji hawakuishia katika kifungu kinachosema nani ni mwandaaji. Waliweka mezani mikataba yote iliyosainiwa karibu wakati mmoja na kuisoma kama kitu kimoja. Walipofanya hivyo waliona kwamba haki za kuchuma pesa pale uwanjani zilikuwa zimehamishwa na Jaypee kwenda kwa kampuni ndugu za ile ya Uingereza: moja ilichukua huduma za wageni maalumu, nyingine ikashughulikia picha za televisheni, na nyingine udhamini wa jina la mashindano. Waliona pia kwamba kwa kipindi cha kabla na baada ya mbio, kampuni ya Uingereza na watu wake ndio waliokuwa na uhuru wa kuingia na kuamua nani mwingine aingie, na Mahakama Kuu ilikadiria kwamba uhuru huo ulifika hadi wiki sita kwa msimu. Jaypee, mwenye uwanja, alikuwa amebakiwa na kazi za kujenga, kutunza na kulipa. Kwa hiyo mahakama ikauliza: hapa ni wapi, kama si mahali ambapo biashara ya Formula One yenyewe inafanyika? Bila njia ile ya mbio hakuna mbio, na bila mbio hakuna cha kurusha hewani wala cha kudhaminiwa.

Na zile siku 3? Mahakama ilisema kudumu hupimwa kwa kutazama aina ya biashara. Biashara ya mashindano ya namna hii ni ya siku chache kwa asili yake. Mwenye duka la vitambaa anahitaji mwaka mzima ili biashara yake ionekane, lakini mwenye mashindano huimaliza yote kwa wikiendi moja, kisha anarudi mwakani chini ya mkataba ule ule na mahali pale pale. Mimi naona hoja hii ni sahihi, ingawa wapo wataalamu ninaowaheshimu wanaoona kwamba mahakama ilivuta kamba mno. Maelezo rasmi ya mkataba kielelezo wa OECD yanasema kwamba kwa kawaida nchi hazikihesabu kituo kilichokaa chini ya miezi 6, lakini yanatoa pia mfano wa kampuni inayochimba mahali pa mbali kwenye barafu ya kaskazini ambako hali ya hewa inaruhusu kazi kwa miezi 3 tu kila mwaka. Ikiwa kazi hiyo imepangwa kuendelea kwa miaka 5, miezi hiyo inayojirudia inaunganishwa. Mkataba wenu, umesema mwenyewe, ni wa miaka 5.

Hukumu ya India haifungi mikono ya mahakama ya Kenya. Lakini mkataba uliotafsiriwa pale ulikuwa kati ya India na Uingereza, wenye maneno ya msingi yale yale tuliyo nayo sisi, na majaji wetu wa kodi wana desturi ya kusoma hukumu za nchi nyingine za Jumuiya ya Madola pamoja na maelezo ya OECD wanapokosa ya nyumbani. Na India haijarudi nyuma. Mwezi Julai 2025 Mahakama ya Juu hiyo hiyo iliamua juu ya kampuni ya Hyatt ya Dubai, iliyokuwa ikitoa huduma za usimamizi wa kimkakati kwa hoteli za Delhi na Mumbai chini ya mikataba ya miaka 20. Kampuni haikuwa na chumba chake maalumu hotelini, na hoja yake ilikuwa kwamba hakuna mfanyakazi wake aliyekaa India muda wa kutosha kuunda kituo. Mahakama ilisema hesabu ya siku za mtu mmoja mmoja haina uzito mkubwa pale ambapo kampuni, kupitia watu wake wanaopishana, inaongoza shughuli za mahali hapo siku baada ya siku.

Usije ukadhani basi kwamba kila anayekanyaga ni mwenye kituo. Maelezo ya OECD yana mifano mizuri ya upande wa pili. Muuzaji anayekwenda kila mara kumwona mkuu wa manunuzi wa mteja wake ofisini kwake hana kituo pale, kwa kuwa ofisi ile haiko mikononi mwake. Akiambiwa leo hatumpokei mtu, anageuza. Vivyo hivyo dereva wa lori anayeshusha mzigo kila siku kwenye ghala la mteja kwa miaka. Lakini mpaka rangi ambaye kwa miaka 2 anatumia siku 3 kila wiki ndani ya jengo kubwa la mteja wake mkuu, maelezo hayo yanasema anacho kituo, kwa kuwa kazi yenyewe anayoiuza inafanyika pale. Mfano huu wa mpaka rangi umebishaniwa miaka mingi, na nchi kadhaa hazijaukubali kikamilifu, lakini unakuonyesha mstari unapopita: kufika mahali ni jambo moja, kupatumia kama pako ni jingine.

Nikupe jambo dogo nililoliona kwa macho yangu katika kazi hii. Kulikuwa na ukaguzi wa kampuni ya kigeni iliyodai kwamba wahandisi wake walikuwa “wageni wa mara kwa mara” tu katika yadi ya mteja. Tulikuwa tumejiandaa kwa mabunda ya mikataba na ankara. Mkaguzi hakuigusa. Aliomba daftari la mlinzi wa getini, lile jeusi lenye safu ya jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka na unayekwenda kumwona. Kurasa za mwanzo zilionyesha majina ya wahandisi wale na jina la mwenyeji wao katika safu ya mwisho, kama mgeni yeyote. Kuanzia mwezi wa tatu safu ile ya mwisho ilikuwa tupu, na mwezi wa nne majina yenyewe yakatoweka daftarini, kwa sababu walikuwa wamepewa kadi za kuingilia na ufunguo wa kontena moja lililogeuzwa ofisi. Mkaguzi alilifunga daftari, akauliza nani aliyetoa ufunguo na kwa masharti gani. Mazungumzo yaliyofuata yalihusu kiasi, si kuwepo au kutokuwepo.

Kwa hiyo rudi kwenye rasimu ya mkataba wenu na uisome kwa jicho la mkaguzi huyo. Nani atakuwa na mamlaka ya kiwanja cha Bamburi kuanzia siku ya kusimamisha mahema hadi siku ya kuyashusha? Je, kuna kifungu kinachowapa wao haki ya kuamua nani anapewa beji, vibanda vya chakula vikae wapi, mabango yapi yatundikwe na yapi yaondolewe? Pesa za wadhamini zinaingia akaunti ya nani? Picha za televisheni ni za nani? Na je, kuna mikataba mingine ya pembeni, labda na kampuni ndugu yao ya nchi nyingine, inayowarudishia haki ambazo mkataba mkuu unasema ni zenu? Ikiwa nyinyi ndio mnaouza tiketi na matangazo, mnaoamuru getini, na wao wanaleta jina, kanuni za mchezo na waamuzi wawili watatu wa kuhakikisha viwango, basi wanakaribia kuwa muuzaji wa haki aliye mbali, na hoja ya meneja wao ina miguu. Ikiwa kwa siku zile nyinyi mnageuka kuwa wapangishaji na wabeba viti katika kiwanja mlichokikodi wenyewe, mko Buddh.

Milango mingine nitaipitia upesi, isipokuwa mmoja. Ule wa ujenzi na ufungaji mitambo hauwahusu. Majukwaa ya mashindano hayafiki siku 183. Ule wa huduma unahitaji hesabu makini zaidi, kwa sababu siku zinazohesabiwa ni za huduma katika jumla yake, pamoja na ziara za maandalizi, na kampuni yenye mikataba mingine nchini yaweza kujikuta inakaribia 91 bila kutambua. Kwamba mlango huu unajitegemea kulithibitishwa Afrika Kusini mwaka 2015, mahakama ya kodi ilipoamua juu ya kampuni ya Marekani iliyokuwa ikilishauri shirika moja la ndege la huko. Washauri walipewa chumba cha mikutano cha mteja wakitumie, na kazi yao iliendelea kati ya 2007 na 2008. Kampuni ilidai kwamba hata zikizidi siku 183 zilizotajwa katika mkataba wa nchi hizo mbili, bado lazima ithibitishwe kwanza kwamba ilikuwa na mahali maalumu. Mahakama ikakataa: siku zikitimia, kituo kimepatikana. Lakini angalia kwamba kipimo cha siku 91 kimo katika sheria yetu ya ndani, na mkataba ndio ua. Palipo na mkataba, kituo lazima kionekane katika ibara ya mkataba pia, la sivyo sheria ya ndani inaishia mlangoni.

Mlango tunaopaswa kusimama mbele yake ni wa wakala. Umeniambia hawana mfanyakazi wa kudumu nchini, lakini waulize watamweka nani Mombasa au Nairobi kutafuta wadhamini kati ya mashindano ya mwaka huu na ya mwaka ujao. Mikataba ya kizamani huuliza kama mtu huyo ana mamlaka ya kufunga mikataba kwa jina la kampuni, naye akiwa nayo na kuitumia kwa mazoea, yeye mwenyewe anakuwa kituo, hata kama anafanyia kazi sebuleni kwake. Kampuni nyingi zilitumia maneno hayo kama kichochoro: wakala anazungumza, anapatana bei, anaandika kila kitu, kisha saini inatiwa ng’ambo. Mwaka 2010 baraza kuu la rufaa za kiutawala la Ufaransa, Conseil d’État, liliikubalia kampuni ya Uingereza ya Zimmer hoja ya namna hiyo, kwa kuwa wakala wake wa Ufaransa, kwa sheria ya biashara ya huko, hakuweza kumfunga bosi wake kisheria. Miaka 10 baadaye, Desemba 2020, baraza hilo hilo liliamua kinyume katika kesi ya kampuni ya matangazo ya Ireland, Conversant, ambayo watu wa kampuni yake ya Ufaransa walipatana kila kitu na wateja, huku Ireland ikibakiwa na kutia saini kunakojirudia kama muhuri. Baraza lilitazama hali halisi. Katikati ya hukumu hizo mbili OECD ilikuwa imeandika upya ibara ya wakala mwaka 2017, ili imguse anayechukua nafasi kuu katika kuleta mikataba ambayo kampuni huipitisha tu bila kuibadilisha, na sheria ya Kenya ya 2021 imeazima wazo hilo. Mkataba wa 1973 una maneno ya zamani. Lakini kesi ya Conversant nayo iliamuliwa kwa mkataba wa zamani, wa mwaka 1968, na ndiyo maana simshauri mtu ajifiche nyuma ya saini.

Wakala aliye huru, mwenye wateja wengine na anayebeba hasara yake mwenyewe, hahesabiwi. Wala kampuni tanzu haiwi kituo cha kampuni mama kwa sababu tu ya undugu wao.

Tuseme sasa kituo kipo. Je, ada yote inatozwa? Hapana, na hapa watu hupoteza fedha kwa woga. Kinachotozwa ni faida inayohusiana na kituo, ikihesabiwa kana kwamba kituo ni biashara inayojitegemea iliyopatana na makao makuu kwa bei za soko, baada ya kutoa gharama zinazokihusu. Thamani ya jina la mashindano lililojengwa Ulaya kwa miaka mingi haikutengenezwa Bamburi. Hata Mahakama ya Juu ya India, pamoja na ukali wake, ilisema kodi ya kukatwa kwenye malipo ihusu ile sehemu tu inayohusiana na kituo, ikaacha hesabu hiyo kwa maofisa wa kodi. Kwa Kenya, faida ya kituo cha kampuni isiyo mkaazi inatozwa asilimia 30 tangu Januari 2024, ikiwa imeshuka kutoka asilimia 37.5, lakini upunguzo huo ulikuja na kodi ya asilimia 15 juu ya faida inayorudishwa nyumbani. Kampuni itatakiwa kuwa na PIN, yaani namba ya mlipakodi, na kuwasilisha ritani. Wafanyakazi wake nao wataguswa: msamaha wa kawaida wa mshahara wa mgeni anayekaa chini ya siku 183 haupatikani pale ambapo mshahara unabebwa na kituo kilichopo nchini, kwa hiyo PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, huanza siku ya kwanza. Waamuzi na wapiga picha hawataifurahia habari hiyo.

Sasa tuje kwako wewe mlipaji, maana mzigo wa kwanza utakuangukia wewe. Ikiwa hawana kituo Kenya, haina maana kwamba hukati kitu. Sheria ya ndani inakutaka ukate kodi ya zuio kwa asiye mkaazi ikiwa malipo ni mrabaha au ada ya usimamizi, utaalamu au mafunzo, kwa asilimia 20, na mkataba na Uingereza unashusha viwango hivyo hadi asilimia 15 kwa mrabaha na 12.5 kwa ada za usimamizi. Ada ya kuwa mwenyeji inaweza kuwa na vipande vya aina zote hizi, na ndiyo maana ni hatari kuiandika kama kiasi kimoja chini ya kichwa kimoja. Gawanyeni: kiasi gani ni cha kutumia nembo, kiasi gani ni cha utaalamu wa kuandaa, kiasi gani ni cha haki ya mashindano yenyewe. Ukiacha kukata kilichopaswa kukatwa, Mamlaka ya Ushuru itakidai kwako kama deni lako, na Mwingereza atakuwa ameshapanda ndege.

Ndiyo maana kifungu kinachonitia wasiwasi kuliko vyote katika maelezo yako ni kile cha kulipa “ada nzima bila kukata hata senti”. Kikiandikwa hivyo mkataba utakuwa umehamisha kodi yao kuwa gharama yenu, kwa sababu mtakapolazimika kukata mtapaswa kuongeza ada hadi wabaki na kiasi kile kile walichoahidiwa. Badala yake andikeni kwamba kila upande unabeba kodi ya mapato yake, kwamba mlipaji atakata kinachotakiwa na sheria na kutoa cheti cha makato, na kwamba kampuni ya Uingereza itawaletea cheti cha ukaazi kutoka mamlaka ya kodi ya nchi yake kabla ya malipo ya kwanza.

Cheti hicho peke yake hakitoshi. Kifungu cha 41 cha Sheria yetu ya Kodi ya Mapato kinanyima manufaa ya mkataba ikiwa nusu au zaidi ya umiliki wa mwisho wa kampuni umo mikononi mwa watu wasio wakaazi wa nchi ile ya mkataba, isipokuwa kampuni iwe imeorodheshwa katika soko la hisa la nchi hiyo. Kampuni nyingi za michezo zilizosajiliwa London zina wenye hisa kutoka Ghuba, Marekani na kwingineko. Uliza wenye mali ni akina nani. Majibu yakiwa si mazuri, mabishano yote haya juu ya mkataba yanaisha, na mnabaki na sheria ya ndani bila ua: siku 91, asilimia 20, na tafsiri pana ya wakala.

Kwa kuwa hamjasaini, mna nafasi ambayo Jaypee hawakuitumia vizuri. Mkishakamilisha rasimu pamoja na mikataba yote ya pembeni, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamruhusu mlipakodi kumwomba Kamishna uamuzi binafsi kuhusu muamala wake, nao unamfunga Kamishna maadamu maelezo mliyotoa ni kamili na ya kweli. Ombeni ninyi kwa upande wa wajibu wa kukata, nao waombe kwa upande wa kituo, na maelezo ya pande mbili yafanane neno kwa neno, hasa kuhusu nani anashika geti.